Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuuingiza Muhogo Wenu Kwenye Bajeti ya Kaunti

Kila mwezi wa Mei simu yangu huanza kulia, na swali huwa lilelile: "Tulipeleka memoranda, mbona bajeti imepita na muhogo haumo?" Huwa naomba nitumiwe picha ya hiyo memoranda, yaani ombi la maandishi ambalo kikundi hupelekea bunge la kaunti. Iwe imetoka Teso, Alego, Butere au Nyakach, sura ni moja: salamu ndefu, shukrani kwa gavana, safari ya kikundi tangu siku ya kwanza, kisha mstari wa mwisho kabisa unasema, "Kwa hivyo tunaomba tusaidiwe na mashine."

Mashine gani? Ya bei gani? Itoke fungu lipi? Ikae shamba la nani? Afisa wa bajeti hata akiwapenda hana pa kuiandika. Bajeti ni kitabu cha mistari yenye tarakimu, na ombi lisilo na tarakimu halina mstari wa kukalia.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya muhogo vya magharibi mwa Kenya na Nyanza ambavyo vinataka kuuza unga, malisho ya mifugo au malighafi ya ethanoli. Wa mtama, soya na miwa wanaweza kuufuata pia. Wabadilishe hesabu tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Msianze kuandika kama hivi havijatimia mezani:

- Cheti cha usajili wa kikundi au chama cha ushirika, na kiwe hakijaisha muda. Angalieni tarehe leo. Memoranda nzuri imewahi kukataliwa mbele yangu kwa sababu ya cheti kilichoisha miezi miwili nyuma.
- Daftari la wanachama: jina, kijiji, wadi, ekari za muhogo, mwezi wa kupanda.
- Mizani ya kuning'iniza. Ndiyo, mizani. Mtaona sababu katika hatua ya kwanza.
- Nakala ya mpango wa kaunti wa miaka 5 (CIDP) wa 2023 hadi 2027, na ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka (ADP) wa karibuni.
- Kumbukumbu za mkutano ambapo wanachama walikubaliana ombi lenyewe, zikiwa na sahihi.
- Kotesheni mbili za kile mnachoomba, kutoka kwa wauzaji wawili tofauti.
- Pesa kidogo za nauli, fotokopi na saiba. Changeni mapema, msimwachie katibu mzigo huo peke yake.

Hatua ya 1: Pimeni, msikadirie

"Tuna muhogo mwingi sana" si takwimu. Kila wadi kutoka Matayos hadi Seme inasema hivyo.

Fanyeni jaribio moja, siku moja ya jua kali. Ng'oeni kilo 20 za muhogo, pimeni ukiwa na maganda yake, andikeni. Menyeni, osheni, kateni vipande vyembamba, anikeni kwenye chaga iliyoinuka au turubai safi. Geuzeni asubuhi na mchana, na jioni ingizeni ndani kabla umande haujashuka.

Baada ya siku kadhaa chukueni kipande kimoja mkivunje karibu na sikio. Kikipinda, bado. Kikilia "ta!" na kuvunjika kama chaki, tayari. Hayo sasa ni makopa ya kuuzwa, yenye unyevu wa chini ya asilimia 13. Pimeni tena. Kwa kawaida kilo 20 za mbichi hutoa makopa ya kati ya kilo 5 na 7. Mkipata kilo 9, msishangilie. Yana maji bado, na yakiingia guniani yataota ukungu.

Sasa fanyeni hesabu ya kikundi kizima. Tuseme mko 32, mna ekari 30, na kila ekari inatoa tani 5. Hizo ni tani 150. Toeni chakula cha nyumbani, tuseme tani 50. Kwa soko zimebaki tani 100 za mbichi, ambazo zikikauka ni kama tani 30 za makopa: lori 3 za tani 10 kila moja.

Andikeni pia umbali kutoka shamba la mbali zaidi hadi barabara ambayo lori hufika hata wakati wa mvua. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika baada ya siku 2 au 3 tu, kwa hivyo kilomita 6 za matope zinaweza kula faida yote.

*Mmefaulu mkiweza* kumjibu mtu yeyote kwa sentensi moja: tani ngapi, za aina gani, mwezi gani, zipo wapi.

Hatua ya 2: Mnunuzi kwanza, mashine baadaye

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka, na hapa nitakaa kidogo.

Neno "ethanoli" limekuwa tamu midomoni. Watu wanasikia kwamba Muhoroni na Kisumu kuna mitambo ya ethanoli, wanatazama muhogo wao, wanaona utajiri. Lakini mitambo hiyo ilijengwa kwa ajili ya molasi, yale masalio meusi ya miwa. Molasi tayari ni sukari. Unaichachua kwa hamira, unaikeneka, unapata ethanoli. Muhogo ni wanga. Lazima upikwe na kutiwa vimeng'enya ugeuke sukari kwanza, ndipo uchachuke. Mtambo usio na sehemu hiyo ya kupikia wanga hauwezi kuupokea muhogo wenu hata mkiuleta bure.

Sasa rudini kwenye tani 100. Tani moja ya muhogo mbichi hutoa lita 150 hivi za ethanoli, au zaidi kidogo ukiwa na wanga mwingi. Tani 100 ni lita 15,000. Mtambo wa wastani hukeneka makumi ya maelfu ya lita kwa siku. Maana yake, jasho la kikundi chenu la mwaka mzima linaweza kumezwa na mtambo mmoja kabla ya saa za chai ya jioni. Hakuna mwenye kiwanda atakayebadilisha mitambo kwa ajili hiyo.

Sisemi msiote ndoto ya mafuta. Nasema ndoto hiyo ina ukubwa wake, na ukubwa huo si wa kikundi kimoja. Tutaurudia katika hatua ya 6.

Kwa kikundi kimoja, wanunuzi wa kweli ni hawa, kwa mpangilio ninaoupendelea mimi:

*Wasagaji wa unga.* Ugali wa muhogo na mtama au wimbi ni chakula cha nyumbani huku, hauhitaji matangazo. Wasagaji wa sokoni wananunua makopa kwa gunia. Onyo: aina chungu za muhogo zina sumu ya sayanidi, na unga wa kuliwa haupaswi kuzidi miligramu 10 za sayanidi kwa kilo. Kama mnapanda aina chungu, mwelezeni mnunuzi wazi na mjifunze kuloweka au kuchachua kabla ya kukausha.

*Watengenezaji wa malisho ya mifugo.* Wapo Kisumu, na wapo wengi zaidi Nakuru kwa sababu ya kuku na ng'ombe wa maziwa. Hawa huchukua makopa kama chanzo cha nguvu pale mahindi yanapopanda bei. Wanapima ukungu vikali kuliko msagaji wa sokoni, na wana haki.

*Viwanda vya wanga na ethanoli.* Nendeni huko mkiwa umoja wa vikundi vingi. Kwa sasa ulizeni maswali mawili tu: mnapokea makopa au molasi pekee, na kiasi cha chini mnachokubali kwa mwezi ni tani ngapi?

Mkienda kumwona mnunuzi bebeni sampuli ya kilo 2 kwenye mfuko safi. Mkono mtupu haulambwi. Mwombeni barua ya nia ya kununua: ukurasa mmoja, kiasi, ubora, muda. Si mkataba, na hakuna anayewalazimisha. Lakini barua hiyo ikiambatishwa kwenye memoranda, kamati inaona ombi lenye mlango wa kutokea.

*Mmefaulu mkiwa na* barua moja au mbili zenye tarakimu ndani. "Tunafurahia kazi yenu" si tarakimu.

Hatua ya 3: Ijueni kalenda kama mnavyojua mvua

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kila kaunti inapaswa kuzifuata. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Zibandikeni hizi ukutani:

- 30 Agosti: idara ya fedha hutoa waraka wa kuanza kutayarisha bajeti.
- 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka (ADP) huwa umefika bunge la kaunti.
- 28 Februari: Waraka wa Mkakati wa Fedha hufika bungeni. Huu ndio hupangia kila idara kiwango chake cha juu cha matumizi.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti hufika bungeni.
- 30 Juni: bajeti huwa imepitishwa.

Vikundi vingi hujitokeza Mei, wakati kuna matangazo redioni na viti vya plastiki vimepangwa kwenye ukumbi wa wadi. Mei mnaitwa kuchagua rangi ya nyumba ambayo imeshaezekwa. Kiwango cha idara ya kilimo kilishafungwa Februari, na miradi ilishaorodheshwa tangu Septemba.

Kwa hivyo memoranda yenu ya kwanza iende Julai au mapema Agosti, kabla ADP haijaandikwa. Ya pili, fupi, iende Januari au mwanzoni mwa Februari, kukumbusha. Mei mwende tu kuhakikisha mstari wenu haujanyofolewa.

Hatua ya 4: Tafuteni mstari wenu kwenye CIDP

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema pesa za umma hazitengwi nje ya mpango. Ndiyo maana CIDP ni muhimu kuliko ahadi yoyote ya jukwaani: kitu kisichokuwemo hakina njia rahisi ya kufadhiliwa.

Fungueni sura ya kilimo. Msisome yote, tafuteni jedwali la programu. Kwa kawaida mtaona programu kubwa kama ukuzaji wa mimea, na chini yake programu ndogo za mbegu, ugani, uongezaji thamani. Pigeni mstari chini ya ile inayowafaa, na mnakili jina lake neno kwa neno pamoja na nambari ya ukurasa. Kama muhogo umetajwa, vizuri. Usipotajwa, ingieni chini ya "uongezaji thamani wa mazao", kwani muhogo ni zao.

Na kama kaunti yenu imeusahau kabisa? CIDP ya sasa inaishia 2027. Ifuatayo itaandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, na mikutano yake ndiyo mikutano ya maana kuliko yote katika miaka 5. Wekeni hesabu zenu tayari.

Mkinyimwa nakala za hati hizi, msigombane na mtu wa mapokezi. Andikeni barua ya kuomba habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ingawa mnaweza kulipishwa gharama ya nakala. Afisa ana siku 21 za kujibu. Asipojibu, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, ile wengi huiita Ombudsman, ambayo ina ofisi Kisumu. Kwa uzoefu wangu mara nyingi haifiki huko. Barua inayotaja siku 21 huwa imefungua kabati tayari.

Hatua ya 5: Andikeni ukurasa mmoja

Mmoja. Viambatisho vinaweza kuwa kumi, lakini ombi ni ukurasa mmoja. Karani anapokea rundo, na mjumbe wa kamati anasoma akiwa ndani ya gari.

Huu hapa mfano; jazeni yenu:

> KWA: Karani wa Bunge la Kaunti
> NAKALA: Waziri wa Kilimo wa Kaunti, Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti
> KUH: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ujao, sekta ya kilimo
>
> Ombi. Kwenye programu ya Ukuzaji wa Mimea, programu ndogo ya Uongezaji Thamani (CIDP, uk. ...), ongezeni mradi mmoja: banda la kukaushia na kinu cha kusagia makopa, wadi ya ..., Sh1,850,000. Kotesheni mbili zimeambatishwa.
>
> Sababu. Wanachama 32, ekari 30, tani 100 za muhogo wa soko kwa msimu. Kwa sasa tunauza mbichi kando ya barabara kwa sababu hatuna pa kukaushia wakati wa mvua.
>
> Mnunuzi. Barua mbili za nia ya kununua, jumla ya tani 24 za makopa kwa mwaka.
>
> Tunacholeta sisi. Robo ekari iliyokodishwa kwa kikundi kwa miaka 15, mwendeshaji wa kinu, gharama ya umeme na matengenezo.
>
> Kipimo. Tani 24 za makopa zitakuwa zimeuzwa miezi 12 baada ya kinu kuanza.

Tazameni kipengele cha "Tunacholeta sisi". Hicho ndicho hutenganisha ombi na omba omba. Na kinawalazimisha kufikiri mambo ambayo mashine ikishafika huwa yamechelewa.

Nitawaambia kisa kimoja. Kikundi nilichokuwa nikikitembelea kilipata kinu kizuri, kikaja kwa lori, picha zikapigwa, utepe ukakatwa. Kinu kilihitaji umeme wa fezi tatu. Kijiji kilikuwa na fezi moja. Mara ya mwisho nilipofika, kuku walikuwa wanataga kwenye mdomo wa kinu, na mama mmoja alikuwa ameanika nguo kwenye mpini wake. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali la umeme kwa sababu memoranda ilisema "mashine" tu.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, jibuni: umeme wa fezi ngapi uko umbali gani, maji yatoka wapi, ardhi ni ya nani kisheria, na kipuri kikivunjika fundi anatoka Kisumu au kijijini? Ardhi hasa. Kaunti haitajenga kwenye shamba la mwenyekiti, na ikijenga mtajuta siku mwenyekiti atakapobadilishwa.

Hatua ya 6: Jengeni mtandao, kwa sababu tani 100 hazitikisi mtu

Hapa ndipo ile ndoto ya ethanoli inaporudi.

Anzeni kwenye wadi yenu: vikundi vingine vya muhogo, wasagaji wa soko, akina mama wanaochuuza makopa, wenye pikapu, mwenye agroveti, sacco inayowakopesha. Fungueni kundi moja la WhatsApp lenye kanuni moja kali: hakuna siasa, hakuna picha za asubuhi njema. Kila Ijumaa kila kikundi kinaandika mistari mitatu: tani zilizopo, bei ya leo, tatizo la wiki. Baada ya miezi 3 mtakuwa na takwimu ambazo hata ofisi ya kilimo haina.

Kisha vukeni mpaka wa kaunti. Kaunti 14 za ukanda wa ziwa zina umoja wao wa kiuchumi, wenye makao Kisumu, kuanzia Busia na Bungoma hadi Migori, Kisii na Bomet. Vikundi kumi vya ukubwa wenu kutoka kaunti tatu ni tani 1,000, na hapo mwenye kiwanda huanza kuuliza maswali ya maana.

Kuna mambo ambayo kaunti moja haiwezi kuyatatua hata ikitaka. Chukueni ushuru wa mazao barabarani. Lori la makopa likitoka Busia kwenda Kisumu kwa barabara kuu linapita Bumala, Ugunja na Yala, linaingia Luanda, linatokea Maseno. Hizo ni Busia, Siaya, Vihiga na Kisumu: kaunti 4, kila moja na sheria yake ya fedha. Nimemwona dereva amebana stakabadhi zake juu ya kioo kwa kishikizo cha nguo, moja juu ya nyingine kama karata. Mzigo ule ule, unatozwa na kutozwa tena. Ombi la "mzigo wa shambani ulipishwe mara moja tu, unakotoka" linapaswa kupelekwa kwa kaunti zote nne, maneno yakiwa yaleyale, wiki ileile. Wakati wake ni Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao huja ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa. Angalieni magazeti Julai hadi Septemba.

Jueni pia nani ana mamlaka gani, msije mkamlilia asiye na leso. Katiba ya 2010 imewapa kaunti kilimo, masoko na barabara za kaunti. Sera ya kilimo ya taifa, viwango vya ubora vya KEBS (shirika la viwango), kodi, na leseni za mafuta kupitia EPRA (mamlaka ya kawi na petroli) viko serikali ya kitaifa. Mkimwomba MCA (mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti) awawekee sera ya kuchanganya ethanoli na petroli atawaahidi kwa tabasamu, na hataweza. Kwa upande wa nishati, mlango wa kaunti ni huu: Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Ulizeni kama maganda ya muhogo, molasi na gesi ya samadi vimo ndani. Mara nyingi mtakuta ukurasa wa sola na taa za barabarani, basi.

Wakulima wa miwa wana mlango mwingine tena: Sheria ya Sukari ya 2024 imeirudisha Bodi ya Sukari, na madai yanayohusu masalio ya miwa, molasi ikiwemo, yana ofisi ya kugonga.

Kuhusu Uganda: katika kila mkutano wa Busia kuna anayesimama kudai mpaka ufungwe kwa muhogo wa ng'ambo. Msiiandike hiyo. Tuko soko moja la Afrika Mashariki, na kaunti haina ufunguo wa mpaka. Afadhali muwachukulie majirani hao kama sehemu ya tani zenu. Mchuuzi mdogo mwenye mzigo wa bidhaa zilizoorodheshwa usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia utaratibu uliorahisishwa pale Busia au Malaba, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa.

Na msiwasahau watu wa mbegu. KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wana vituo Alupe na Kakamega. Pingili (vipande vya shina vya kupandia) zenye magonjwa ya batobato au michirizi ya kahawia zitawarudisha nyuma kuliko bajeti yoyote, na kikundi chenye shamba la pingili safi huwa kinatafutwa na wenzake. Hiyo nayo ni njia ya kujenga mtandao: kuwa na kitu ambacho jirani anakihitaji.

Hatua ya 7: Kuwasilisha

Chapeni nakala mbili. Moja mnaiacha, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mrudi nayo nyumbani. Bila muhuri, hamkupeleka kitu. Tumeni na barua pepe siku hiyohiyo, mpate ushahidi wa pili.

Kwenye mkutano wa wadi mtapewa dakika 3, labda 2. Chagueni msemaji mmoja anayejua hesabu, hata kama si mwenyekiti. Sentensi yake ya kwanza itaje programu, mradi na kiasi. Salamu za protokali zilishatolewa na wengine kumi waliomtangulia. Kabla ya kuketi aombe kwa heshima, "Naomba karani aandike ombi hilo kwenye ripoti."

Onyo: daftari la mahudhurio si maoni. Watu husaini, wakanywa soda, wakaenda, kisha ripoti ikasema umma ulishirikishwa. Msimamizi wa wadi hana kosa hapo. Hamkumwambia chochote cha kuandika.

Hatua ya 8: Fuatilieni mstari

Baada ya 30 Juni ombeni bajeti iliyopitishwa na mtafute mradi wenu kwa jina la wadi. Ukiwemo, someni kiasi: Sh1,850,000 huweza kugeuka Sh500,000 njiani. Hilo likitokea, kubalini kwa barua na muulize ni sehemu gani itajengwa kwanza. Banda la kukaushia kabla ya kinu, ningewashauri. Makopa makavu yanauzwa bila kusagwa.

Usipokuwemo, ombeni ripoti ya maoni ya umma mwone kama mmetajwa na sababu iliyotolewa. "Haiko kwenye CIDP" inarekebishika. "Hakuna kotesheni" inarekebishika Agosti hii hii. Kimya kabisa ndicho kinachofaa kupelekewa ombi rasmi kwa bunge la kaunti, haki ambayo kila mtu anayo kikatiba.

Ukiwemo lakini pesa hazitoki, na hili hutokea sana, tazameni ripoti za Msimamizi wa Bajeti kuhusu matumizi ya kaunti. Zinaonyesha kila idara ilipokea na kutumia kiasi gani kwa maendeleo. Kama idara yenyewe ilipokea kidogo, mko kwenye foleni moja na wengine. Kama ilipokea na mradi wenu ukarukwa, mna swali halali la kumuuliza waziri wa kilimo kwa maandishi, pamoja na nambari ya mstari.

Ile nakala yenye muhuri iwekeni kwenye faili la kikundi, si kwa katibu nyumbani. Julai inayofuata mtaianza nayo, mkibadilisha tarehe, tani, na bei ya kinu.